Je, Wajua? Mnunuzi wa Kahawa Ana Mkono Shambani

Kwenye pakiti za kahawa siku hizi kuna alama ya chura wa kijani, kuna jani, kuna mtu aliyeinua mkono. Zote zinamwambia mnywaji kwamba mkulima ametunzwa na ardhi yake imetunzwa. Mambo tuliyoyakusanya hapa yanamtazama mnunuzi: analipa lini, analipa kiasi gani, anaahidi kununua kwa muda gani, na bei ikianguka ni nani anayebeba hasara. Mkulima anaweza kuhudhuria semina zote za kilimo bora, lakini mibuni hupogolewa pale tu anapokuwa na fedha ya kumlipa kibarua.

Je, wajua kwamba kahawa inaweza kuuzwa ikiwa bado ua? Mkoani Kagera mavuno huanza mwezi wa tano, lakini sare, madaftari na michango ya shule hudaiwa Januari, wakati mbuni hauna kitu ila maua na punje changa. Hapo ndipo huingia butura. Mwenye fedha anamlipa mkulima leo, na msimu ukifika anachukua magunia kwa bei waliyopatana miezi mingi nyuma, bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya sokoni. Serikali imeipiga butura marufuku, wakuu wa mkoa na wilaya wameikemea miaka nenda miaka rudi, na bado ipo, kwa sababu shida inayoizaa haijaondoka.

Hasara yake haiishii mfukoni. Aliyekwisha kuuza mavuno hana sababu ya kubeba samadi hadi shambani, wala kusubiri punje ziive zote. Atachuma mbivu na mbichi kwa pamoja ili alipe deni haraka, na kahawa iliyochumwa hivyo hushuka daraja. Kushuka daraja ni kushuka bei, na mwakani Januari inamkuta mtu yuleyule akiwa maskini zaidi, mbele ya mlango uleule.

Sasa linganisha na kifungu kimoja cha kanuni za Fairtrade, yaani biashara ya haki, ambacho wanywaji wengi hawajakisikia: chama cha wakulima kikiomba, mnunuzi anatakiwa kukisaidia kupata malipo ya awali ya hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Kwa maoni yangu kifungu hiki kina uzito kuliko alama yenyewe, kwa kuwa kinafika shambani katika mwezi ambao mwenye butura naye anafika. Kenya nayo ilitenga mfuko wa shilingi bilioni 3 za huko ili mkulima aliyepeleka kahawa mbivu kiwandani aweze kukopa kwa riba ndogo wakati akisubiri mauzo. Serikali ya nchi nzima kuunda mfuko kwa ajili ya miezi michache ya kusubiri kunaonyesha jinsi miezi hiyo inavyoumiza.

Je, wajua kwamba bei ya kahawa ya Rombo au Nyeri hupimwa kwa mkataba wa ratili 37,500? Huo ndio ukubwa wa mkataba mmoja wa arabika katika soko la New York, sawa na tani 17. Kama kila kaya ingeleta kilo 100 za kahawa safi, zingehitajika kaya 170 kuujaza mkataba mmoja tu. Soko hilo hupokea kahawa za nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, na wengi wanaonunua na kuuza mikataba hiyo hawakusudii kupokea hata gunia moja. Robusta ina soko lake London, nako mkataba mmoja ni tani 10.

Mnunuzi anapokuja kuzungumza na chama cha ushirika, mara nyingi hataji bei kamili. Hutaja tofauti: senti kadhaa juu au chini ya bei ya New York, na bei yenyewe ifungwe baadaye. Hivyo kahawa inaweza kuwa imeshafungashwa na bei yake bado haijulikani. Chama chenye mtaalamu wa masoko kinaweza kuchagua siku nzuri ya kufunga. Kisicho naye hufunga siku ambayo benki imepiga simu kudai mkopo wake.

Je, wajua kwamba baridi ya usiku mmoja Brazil iliwahi kuwatajirisha watu mpakani mwa Kenya na Uganda? Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, wakati huo moyo wa kahawa ya Brazil. Bei ya dunia ilipanda mfululizo na kufikia kilele mwaka 1977, zaidi ya dola 3 kwa ratili. Uganda ya Idi Amin ilikuwa ikiwalipa wakulima kidogo sana kupitia bodi ya serikali, basi kahawa ikapita milimani kwa magendo hadi Chepkube, soko dogo la mpakani upande wa Kenya, na majumba yakajengwa na malori yakanunuliwa kwa fedha ya msimu mmoja.

Zamani ilikuwapo njia nyingine ya kununua. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 ulizikusanya nchi zinazolima na nchi zinazokunywa, na kila nchi inayolima ikapewa kiwango cha kuuza ili bei isiporomoke. Mkataba huo haukuwa wa haki kamili. Serikali nyingi zilikula faida kabla haijamfikia mkulima, na nchi zilizochelewa kuanza kahawa zilibanwa na viwango. Lakini mwaka 1989 vifungu vya viwango vilipositishwa, bei ilianguka kwa karibu nusu katika muda mfupi, na mwaka 2001 ikashuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Kwa bei hiyo kahawa hailipi hata gharama ya kuichuma. Ni katika miaka hiyo ambapo mteremko wa Kilimanjaro ulishuhudia mibuni iking'olewa au kuachwa imezeeka, nafasi yake ikachukuliwa na nyanya, mahindi na ndizi za kuuza.

Februari 2025 bei ya New York ilivuka dola 4 kwa ratili, ya juu kuliko zote zilizokuwa zimeandikwa hadi wakati huo. Wapo wakulima walionufaika, na ilikuwa haki yao. Lakini kupanda kwa ghafla kuna madhara yake kwa ushirika. Chama kilichofunga bei miezi sita nyuma, kikiamini kinajilinda, kinawaona wanachama wake wakipeleka kahawa kwa mchuuzi anayelipa zaidi leo, na mkataba wa nje kinashindwa kuutimiza. Mnunuzi mwenye nia njema hukaa mezani tena na chama hicho. Mwingine hudai fidia.

Je, wajua kwamba alama ya kwanza ya kahawa ya biashara ya haki ilipewa jina la mtu wa kwenye riwaya? Mwaka 1988, nchini Uholanzi, shirika la Solidaridad lilianzisha alama ya Max Havelaar, jina la mhusika mkuu wa riwaya ya mwaka 1860 ya Multatuli, iliyofichua jinsi utawala wa Kiholanzi ulivyowakamua wakulima wa kahawa wa Java. Wazo lilitoka Oaxaca, Mexico, kwenye ushirika wa UCIRI. Padri mmoja Mholanzi, Frans van der Hoff, aliishi huko na wakulima, naye Nico Roozen wa Solidaridad akalisukuma Uholanzi. Wakulima wale walikuwa wamesema waziwazi kwamba wanataka bei wanayoweza kuishi nayo, na kwamba msaada si jibu.

Tangu hapo imekuwapo bei ya chini isiyoshukwa. Mwaka 2011 ilipangwa kuwa dola 1.40 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, ikakaa hapo miaka 12, mbolea na vibarua vikipanda bei kila msimu, hadi Agosti 2023 ilipopandishwa kuwa 1.80. Juu yake kuna senti 20 za ziada ambazo wanachama huamua kwa kura zitumikeje, na kahawa ya kilimo hai huongezewa senti 40. Jambo ambalo pakiti haisemi ni kwamba chama kinaweza kuwa na cheti, kikalipia ukaguzi, kikatimiza masharti yote, na bado kikauza sehemu kubwa ya kahawa yake kwa bei ya kawaida kwa kuwa mnunuzi wa biashara ya haki hakujitokeza. Masharti yametimizwa kwenye shamba zima, ila malipo yamekuja kwa sehemu tu ya mavuno.

Hata hivyo fedha ya ziada imefanya mambo makubwa pale ilipofika. KCU, muungano wa ushirika wa Kagera, iliitumia kununua hisa za Tanica, kiwanda cha kahawa ya unga pale Bukoba. Mkulima wa robusta akawa na sehemu katika kopo linalouzwa dukani, jambo ambalo bei nzuri ya msimu mmoja isingelileta.

Je, wajua kwamba Wahaya walikuwa na kahawa kabla Mzungu yeyote hajaileta? Robusta ilikuwa ikitafunwa, si kunywewa. Punje huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni hukaribishwa kwa kupewa chache kiganjani. Katika kuchanjana udugu, watu wawili waligawana punje mbili za tunda moja. Upandaji wake ulikuwa chini ya bakama, watawala wa Kihaya, na koo zao, na mtu wa kawaida hakupanda apendavyo. Kanuni za nani alime na nani auze, kwa hiyo, ni za zamani sana Buhaya.

Kilimanjaro kanuni hizo zilipiganiwa hadharani. Mwaka 1925 Wachagga waliokuwa wakilima kahawa waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake wa mwanzo, huku walowezi wakinung'unika kwamba mashamba ya Waafrika yataeneza wadudu na magonjwa. Utunzaji wa mimea ulikuwa tayari unatumika kama hoja ya kumzuia mtu mweusi asiingie sokoni. Chama hicho kilifuatwa mwaka 1933 na KNCU, miongoni mwa miungano ya ushirika mikongwe kabisa barani, na amri ikatoka kwamba kahawa yote ya wenyeji ipite kwake.

Mwaka 1937 pakawaka moto pande mbili za nchi. Uchaggani, bei ilikuwa imeanguka na watu hawakuelewa kwa nini walazimishwe kuuza kwa mnunuzi mmoja, wakayashambulia maghala ya ushirika. Bukoba, serikali ya kikoloni ilitangaza kanuni mpya za utunzaji wa mibuni na kutuma wakaguzi, wakulima wakakataa. Ukizisoma leo, baadhi ya kanuni hizo si mbaya: kupogoa, kutandaza nyasi, kusafisha shamba. Ila zilikuja bila bei, bila kumuuliza mwenye shamba, na kwa tishio la faini. Namuomba kila anayeandika masharti ya uendelevu kwa wakulima wa leo aukumbuke mwaka huo.

KNCU ilinusurika na ikawa kitu kingine kabisa. Ilikopesha dawa na mbolea, ikakata deni lake kwenye malipo, ikaleta malipo ya pili baada ya mauzo, ikajenga na kusaidia shule. Mkopo wa pembejeo uliwezekana kwa sababu moja: kahawa yote ilipita mlango mmoja, kwa hiyo deni lilikuwa na mahali pa kukatwa. Miungano ya ushirika ilivunjwa mwaka 1976, ikarudishwa katika miaka ya 1980, kisha msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Walilipa taslimu, na wengi walilipa vizuri. Lakini aliyechukua dawa kwa mkopo wa chama sasa aliweza kumuuzia mwingine, deni likabaki, na mkopo wenyewe ukafa. Dawa ikawa ya mwenye fedha mkononi. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha punje zikiwa mtini, na kutu ya majani vikarudi kwa nguvu kwenye mashamba ambayo hayakupuliziwa tena. Mwaka 2018 Serikali iliwaondoa wanunuzi binafsi vijijini na kurudisha ununuzi kwenye vyama vya msingi. Mkopo wa pembejeo ulipata tena mlango wa kupitia, ila malalamiko ya kucheleweshewa malipo yakawa makubwa, na Kagera magunia yakavuka kwenda Uganda usiku. Sijaona mfumo wa kununua uliokosa gharama yake. Ninachouliza ni kama anayeubadilisha amehesabu kitakachotokea kwenye mibuni.

Je, wajua kwamba dawa bora ya chulebuni ni mche? Kituo cha utafiti cha Lyamungu kilianza mwaka 1934, na tangu 2001 kinaendeshwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania. Mwaka 2005 aina mpya zenye ukinzani kwa chulebuni na kutu ya majani zilianza kuidhinishwa, na mkulima anayezipanda anaokoa fedha ya dawa ya kuvu na kuepuka kuingiza dawa ya shaba kwenye mifereji inayotumiwa na jirani zake. Kikwazo ni muda. Mche unahitaji miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa vizuri. Mbuni mzee ukikatwa kisiki ili uchipue upya, mkulima anapoteza mavuno ya msimu hadi miwili. Na mikataba mingi ya kununua kahawa ni ya msimu mmoja. Kampuni inayotangaza kwamba inataka mashamba yafufuliwe, huku ikikataa kuahidi kununua zaidi ya mwaka huu, inamtaka mkulima abebe peke yake miaka mitatu ya njaa.

Kenya walijaribu kuilinda mibuni kwa njia ya sheria. Kwa miaka mingi ilikuwa kosa kung'oa mbuni bila kibali. Bei zilipokuwa mbaya watu hawakung'oa. Waliacha tu kupalilia, wakapanda maharagwe katikati, na mti ukabaki umesimama bila punje.

Je, wajua kwamba kihamba kimoja cha Mchagga ni msitu? Wataalamu wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea kwenye vihamba vya Kilimanjaro, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu. Juu kuna mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, kahawa chini ya migomba, na maboga na magimbi ardhini, yote yakinyweshwa kwa mfereji. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia nzima.

Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ina cheti cha kahawa rafiki kwa ndege kinachotaka kivuli kifunike angalau asilimia 40, miti iwe ya aina mbalimbali, na kilimo kiwe hai. Bibi wa Old Moshi ametunza kivuli kama hicho bila cheti. Kivuli kinapunguza mavuno kwa kila mti, kinatunza unyevu, kinarefusha maisha ya shamba. Mnunuzi anayelipa kwa uzito peke yake anamwambia akate miti hiyo, hata kama hajatamka neno. Kanuni za Rainforest Alliance, shirika lenye alama ya chura, zilizotoka mwaka 2020 zimemtaka mnunuzi amlipe mzalishaji fedha taslimu juu ya bei ya soko kwa ajili ya uendelevu, na hiyo ni hatua. Kwa kahawa, hata hivyo, hazikupanga kiwango cha chini. Mnunuzi na muuzaji wanapatana, na wakati wa kupatana mwenye njaa huwa na sauti ndogo.

Si miti tu, mito nayo inategemea malipo ya mnunuzi. Kilo moja ya kahawa safi hutokana na kilo 6 hivi za kahawa mbivu. Zilizobaki ni ngozi, utomvu, maji na ganda, na katika njia ya kizamani ya kuosha, takataka hizo huishia mtoni zikiwa na uchachu unaoua samaki. Mashine mpya za kumenya hutumia maji machache sana kuliko mapipa ya zamani. Vyama vinazijua, ila fedha ya kuzinunua ndiyo inayokosekana.

Je, wajua kwamba Rwanda iliwahi kumpangia mkulima mahali pa kuuza? Baada ya mauaji ya kimbari, nchi ilijenga vituo vya kuoshea kahawa kwa kasi. Maraba, kusini mwa nchi, ushirika wa Abahuzamugambi ulianza mwaka 1999, na katika miaka michache kahawa yake ilikuwa inauzwa kwa jina lake Uingereza na Marekani. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya ubora wa kahawa ya Cup of Excellence. Vituo vilipozidi mia, vikaanza kugombea kahawa. Mwaka 2016 ukaja mfumo wa kanda: kila mkulima auze kahawa mbivu kwenye kituo cha eneo lake. Faida yake ilikuwa wazi, kwa kuwa kituo kilijua wakulima wake, kingeweza kuwapa mbolea na mafunzo, na mnunuzi wa nje alijua kahawa imetoka kilima gani. Hasara ilikuwa wazi vilevile: mkulima asiye na pa kwenda hana cha kubishania. Mwaka 2023 mfumo huo ulifutwa.

Ng'ambo ya Ziwa Kivu mambo yalikuwa magumu zaidi. Vita vya Kongo viliwafukuza wanunuzi, barabara zikafa, na wakulima wa Minova na vijiji vya jirani wakawa wanavusha kahawa kwa mitumbwi usiku hadi Rwanda, wakibadilishana na sabuni, chumvi na nguo. Wapo waliozama. Ushirika wa SOPACDI ulioanzishwa mwaka 2003 ulijenga kituo cha kuoshea, ukatafuta wanunuzi waliokubali kuagiza kutoka eneo la vita, na mwaka 2011 ukapata cheti cha Fairtrade. Kwa mkulima wa pale, mnunuzi anayelipa kwenye ufuko wake mwenyewe alikuwa ni usalama wa maisha kabla ya kuwa bei.

Je, wajua kwamba mara nyingi anayechuma kahawa siye anayepokea malipo? Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mbuni ni wa mwanamume, mgomba na mboga ni vya mwanamke. Kadi ya uanachama ina jina la mume, na akaunti vilevile, ingawa palizi, kuchuma, kubeba na kuanika ni kazi ya mke na watoto. Kwenye vyama vya Kabng'etuny na Kapkiyai, magharibi mwa Kenya, mradi wa Fairtrade Africa uliwashawishi wanaume wawahamishie wake zao sehemu ya mibuni, ili wauze kwa majina yao. Ukiongeza na mitambo ya gesi ya samadi, kuni zikapungua na msitu ukapumua. Mnunuzi anayetaka kujua kama fedha yake inafika nyumbani angeanza kwa kuuliza risiti imeandikwa jina la nani.

Ethiopia, nyumbani kwa arabika, ilifundisha wengine namna ya kudai jina. Mwaka 2005 iliomba Marekani isajili Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa alama zake za biashara. Kampuni ya Starbucks na chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani walisuguana nayo, hadi Juni 2007 Starbucks ilipotia saini makubaliano na serikali ya Addis Ababa. Mwaka uliofuata nchi hiyohiyo ilifungua soko la bidhaa, ECX, lililomletea muuzaji malipo ya haraka na ya uhakika, lakini kahawa za wakulima wengi zikachanganywa kwa daraja na asili yake ikapotea. Wanunuzi waliotaka kulipa zaidi kwa kijiji fulani hawakuweza kukiona. Kanuni zililegezwa miaka ya baadaye ili asili ijulikane tena.

Je, wajua kwamba shamba la kahawa la robo ekari huenda likahitaji alama ya setilaiti? Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayokataza kuingiza kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi hayakusubiri. Shamba la hekta 4 au chini linatosha kuwa na nukta moja ya kijiografia, na lililozidi hapo lichorwe mipaka yake yote. Inakadiriwa dunia ina mashamba ya kahawa milioni 12.5, karibu yote yakiwa chini ya hekta 5. Tanzania peke yake kuna kaya zaidi ya laki nne. Kila nukta inahitaji kijana mwenye simu, aende kwa miguu, amkute mwenye shamba, amweleze, aandike.

Lengo la kanuni ni jema, na mkulima wa kihamba ambaye hajakata msitu hana cha kuogopa ila makaratasi. Tatizo ni kwamba sheria inamdai mwingizaji kahawa Ulaya uthibitisho, haimlazimishi kuulipia, na gharama inateremka ngazi kwa ngazi hadi inapomkuta asiye na wa kumteremshia. Kuna jingine dogo linalonisumbua. Kampuni ikituma vijana wake kupiga nukta, ramani inabaki kwenye kompyuta ya kampuni, na chama kikitaka kumuuzia mwingine mwakani huenda kikalazimika kuanza upya. Ningependa kuona vyama vya msingi vikishika ramani hizo vyenyewe, na gharama ya kuzichora ikiandikwa kwenye mkataba wa mauzo, mstari wa pekee, chini ya bei.